Mizani ya Mahakama na Kaburi la Nyalgunga

Mizani ni istiara iliyozoeleka mno pindi mahakama zinapotajwa. Jaji husemwa kuwa "hupima" madai ya pande mbili, mithili ya mchuuzi anayetazama upande uliolemea. Istiara hii ni tamu, ila inaficha jambo moja: kabla ya kupima, jaji sharti aamue ni kitu gani kitakachoruhusiwa kupanda juu ya mizani hiyo. Kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno inalibainisha jambo hilo waziwazi.

Otieno aliaga dunia tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu aliyefunga naye ndoa ya kiserikali mwaka 1963, alikusudia kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong, akidai kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa matakwa ya marehemu. Naye nduguye marehemu, Joash Ochieng' Ougo, akiungwa mkono na ukoo wa Umira Kager, alishikilia kwamba Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya.

Huzuni ya mke na huzuni ya ukoo hazina ratili wala kilo. Mahakama haikujaribu kuzilinganisha. Iliuliza swali tofauti kabisa: marehemu alitawaliwa na sheria ipi? Sheria inayoongoza kazi ya mahakama za Kenya ilielekeza kwamba mila ziwe mwongozo pale zinapohusika, mradi zisikiuke haki, maadili wala sheria iliyoandikwa. Kwa hivyo, wakili wa mjane, John Khaminwa, alijitahidi kuonyesha kwamba Otieno, msomi na mkazi wa jiji, alikuwa ameshazipa mila kisogo. Mwanzoni mwa Januari 1987 Jaji Shields aliikubali hoja hiyo, lakini amri yake ikatenguliwa na Mahakama ya Rufaa, na kesi ikasikilizwa upya mbele ya Jaji Bosire. Miongoni mwa mashahidi wa ukoo alikuwemo mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefafanua mila za mazishi za Wajaluo.

Bosire aliamua tarehe 13 Februari, na Mahakama ya Rufaa ikamuunga mkono tarehe 15 Mei. Majaji wa rufaa walisema kwamba Mwafrika raia wa Kenya hawezi kujivua kabila la babake ikiwa mila za kabila hilo hufuata ukoo wa kiume. Kauli hiyo ndiyo iliyomaliza kesi. Kuanzia hapo ndoa ya kiserikali, makazi ya jijini na matakwa ya marehemu yakawa mepesi kama unyoya, si kwa sababu hayakuthibitishwa tu, bali kwa sababu kipimo kilichochaguliwa hakikuyapa uzito.

La ajabu ni kwamba Bosire aliagiza maiti akabidhiwe Ougo na Wambui kwa pamoja, au mmoja wao, ili azikwe Nyalgunga. Yamkini alidhani anazipatanisha pande mbili. Lakini kumwalika mtu katika mazishi asiyoyataka si kumgawia haki. Otieno alizikwa tarehe 23 Mei 1987, baada ya miezi mitano katika mochari. Wambui hakuhudhuria.

Kipimo hicho hakijabaki vilevile. Mwaka 2004, katika mzozo mwingine wa mazishi, Jaji Ojwang wa Mahakama Kuu alisema kwamba mwenye jukumu la kwanza la kuzika ni yule aliye karibu zaidi na marehemu kisheria, na kwamba aghalabu ukaribu huo hupatikana katika ndoa. Kisha Katiba ya 2010 ikabatilisha sheria yoyote ya kimila inayokinzana nayo, na ikawapa wanandoa haki sawa wakati wa kuoana, katika ndoa, na inapovunjika. Kuhusu kifo, kifungu hicho cha ndoa hakikusema neno.