Embe la Huruma limepanda mlima

Hebu niambie, wewe wa Huruma: lile embe unalomenya jioni pale steji, limetoka wapi? Ukijibu "sokoni", tukae kidogo.

Mengi hupandishwa kutoka Bonde la Kerio, kaunti jirani ya Elgeyo Marakwet. Panda matatu ya Iten, kilomita 35 hivi kutoka tauni. Iten unaijua kwa mbio: mita 2,400 juu ya bahari, na Brother Colm O'Connell aliyefika St Patrick's mwaka wa 1976 na baadaye kumnoa David Rudisha. Poa. Lakini wengi wetu hupiga selfi langoni na kugeuza. Sogea hadi ukingoni. Ardhi inakatika ghafla, inashuka zaidi ya mita elfu moja. Juu unatetemeka ndani ya jaketi kwenye viazi na ng'ombe wa maziwa. Chini ni jua kali, mbuzi, asali na maembe.

Sasa sikiza hii. Upande wa Marakwet, karne kadhaa kabla ya mkoloni, koo zilichonga mifereji kwenye majabali ili kuteremsha maji ya mito kama Embobut na Arror hadi mashamba ya mtama na wimbi. Hakuna simiti wala pampu. Ni mawe, magogo, nyasi na udongo. Maji hugawanywa kwa zamu, ukoo kwa ukoo, na ukiiba zamu ya mwenzako utajibu mbele ya wazee. Mingi bado inatiririka. Nani alitufunza hii darasani? Mimi sikumaliza chuo, lakini hata shule ya msingi sikuisikia.

Linganisha na mabwawa ya Arror na Kimwarer. Mikataba ilitiwa sahihi 2017, hesabu ikipita shilingi bilioni 60. Mwaka wa 2019 kesi za ufisadi zikafika kortini, na Rais Uhuru Kenyatta akafuta lile la Kimwarer. Huko huko Kimwarer, mgodi wa florspa nao ulikuwa umesimama tangu 2016, kazi zikaenda.

Kwa hivyo vijana wamebaki na maembe. Shida ni kwamba huiva yote kwa mpigo. Broka anakuja na lori na bei yake mfukoni. Mkulima akikataa, wiki haiishi kabla hayajaanza kuoza chini ya mti, na wanaofaidi ni mbuzi.