Je, wajua? Sambaza na faida ya udogo

Neno dim sum, kwa Kikantoni, linakaribia maana ya "kugusa moyo": vitafunio vidogo vinavyofika mezani sahani baada ya sahani, pamoja na chai, kila mtu akichukua chake kwa wakati wake. Lin Heung, ukumbi mkongwe wa Hong Kong wa kula namna hiyo, ulifungwa mwaka 2022, ukafunguliwa upya 2024, na watu wakarudi kwenye vikapu vilevile vya mianzi. Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, haihitaji kuagiza vikapu. Kwenye nganda, yaani baa za mji huu, nafasi hiyo imeshikwa na sahani ya sambaza wa kukaanga, na ndimu iliyopasuliwa, pilipili pembeni, labda na ndizi, mikono minne au mitano ikichota mahali pamoja muda mrefu kabla bugali haijafika. Samaki wenyewe ni wa urefu wa kidole, na huliwa wazima, kichwa na mkia. Wengi huuona udogo huo kama kasoro, kitu cha kuvumiliwa hadi mtu apate fedha za samaki mkubwa. Mimi nadai kinyume chake: udogo ndio unaoeleza karibu kila kitu kumhusu sambaza, tangu alivyolitawala Ziwa Kivu mpaka anavyosagika menoni.

Tuanze jikoni, kwa sababu huko ushahidi unasikika kwa masikio. Joto huingia ndani ya chakula polepole, na muda wake haupandi sambamba na unene. Zidisha unene mara mbili, na joto litachukua karibu mara nne ya muda kufika katikati. Ndiyo maana kitonge cha kamba kilichofungwa kwa unga mwembamba huiva kwa mvuke katika dakika chache, na ndiyo maana sambaza huiva mtu akiwa bado anakata ndimu. Lakini kuna jambo ambalo mpishi wa Hong Kong, aliye kando ya bahari, halimsumbui. Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji umepanda vilima juu yake. Katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mvuke wa Bukavu ni wa baridi kidogo, na chochote cha kuchemshwa kinachelewa. Mafuta hayana habari na mwinuko. Yanafika nyuzi 170 au 180 hapa kama yanavyofika Mombasa. Sambaza akitumbukizwa, maji yaliyo mwilini mwake yanageuka mvuke na kutoka kwa kishindo, sufuria nzima inatoa povu. Dakika moja baadaye sauti inaanza kupungua, mapovu yanakuwa madogo, na mpishi aliyezoea anawaepua kwa sikio kabla ya jicho. Kimya hicho maana yake maji yameisha hata ndani ya mifupa. Mfupa wa tilapia hauwezi kukauka hivyo bila nyama yake kuungua. Ule wa sambaza, mwembamba kama uzi, unavunjika kama biskuti. Na makaa yaliyotumika ni machache. Katika mji unaopikia makaa, mengine yakitoka katika misitu ya pande za Hifadhi ya Kahuzi-Biega, hilo ni jambo la kuhesabiwa.

Sasa twende ziwani. Mtu akimwona sambaza amejaa kwenye mabeseni ya soko la Kadutu atadhani yupo Kivu tangu enzi za mababu. Hayupo. Jina lake la kisayansi ni Limnothrissa miodon, na kwao ni Ziwa Tanganyika, ambako yeye ni mmoja wa wale wadogo wanaovuliwa pamoja na ndagala. Kivu lilikuwa ziwa maskini wa samaki: volkeno za Virunga ziliziba njia ya maji kuelekea kaskazini, ziwa likajaa na hatimaye kufurika kusini kwa Mto Ruzizi, na viumbe wengi hawakuipita misukosuko hiyo. Hata leo spishi zake za samaki ni karibu 30 tu, ilhali Tanganyika lina mamia. Tena Ruzizi, unaotokea hapohapo Bukavu, huteremka karibu mita 690 kabla ya kufika Tanganyika, kwa maporomoko ambayo hakuna dagaa wa kuyapanda. Kwa hiyo katikati ya Kivu, mbali na ukingo, kulikuwa na meza iliyoandaliwa bila walaji: vijidudu vya majini, yaani zuplanktoni, vilielea bila samaki wa kuvichuja. Kati ya 1958 na 1960 Wabelgiji walileta makumi ya maelfu ya vifaranga kutoka Tanganyika. Walichanganya spishi mbili, na waliyemtarajia zaidi, Stolothrissa tanganicae, ndiye ndagala hasa. Huyo alipotea. Aliyebaki ni mwenzake.

Kwa nini yeye? Hapa udogo unarudi mezani. Samaki mkubwa angehitaji chumba, na Kivu, pamoja na kina chake cha mita 485, ni nyumba yenye ghorofa moja tu ya kuishi. Oksijeni haipiti sana mita 60 hata katika majira mazuri. Chini yake kuna kabonidioksaidi na methani iliyoyeyuka, kilomita za ujazo zipatazo 60 za methani peke yake. Katika tabaka hilo jembamba, anayefaulu ni yule anayekula chakula kidogo kidogo, anayekomaa kabla ya mwaka kuisha na anayetaga tena na tena. Limnothrissa ana sifa hizo, na nyingine juu yake: hachagui. Akiwa mchanga hukaa karibu na ukingo, akikua hutoka kwenda maji wazi. Hula zuplanktoni, hula wadudu, na wakubwa hula watoto wa wenzao. Tabia hiyo ya mwisho haipendezi kuisimulia wakati wa kula, lakini imemfaa. Alipopelekwa katika bwawa la Kariba mwaka 1967 na 1968 alifanya vivyo hivyo, na kule Zambia na Zimbabwe leo wanamwita kapenta.

Hata uvuvi wake ni hesabu ya udogo. Hakuna mvuvi anayemwinda sambaza mmoja. Anawaita wote kwa pamoja. Mchana kundi huzama chini, usiku hupanda kufuata chakula, na taa juu ya maji humalizia kazi. Boti tatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu inayojitokeza mbele na nyuma kama mapembe, wavu hushushwa chini ya mwanga, na baada ya kusubiri hupandishwa kwa kuvuta pamoja, mara nyingi kwa wimbo. Uvuvi huo wa taa ulienezwa na mradi wa Umoja wa Mataifa ulioanzia Gisenyi, upande wa Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1970. Tangu samaki waletwe hadi sahani ijae ilipita miaka ishirini, kwa sababu chakula kilikuwepo majini na mkono wa kukichukua haukuwepo.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya sambaza lilitolewa mwaka 1986 na mwanasayansi Mbelgiji, Henri Dumont, aliyeuliza kama sambaza wa Kivu si janga jingine la mazingira kwa Afrika. Hoja yake haikuwa ya mchezo. Kiroboto wa maji mmoja, Daphnia curvirostris, ambaye ni mkubwa na mlaji hodari wa mwani, alikuwa ametoweka, na zuplanktoni kwa jumla ilikuwa imepungua. Ukimwondoa mlaji huyo, mwani huongezeka, na kinachooza hushuka chini kuongeza gesi ambazo tayari zinatisha. Dumont alitarajia pia kwamba samaki mwenyewe, akiisha kula akiba yake, angeporomoka. Nusu karne baada ya vifaranga kuletwa, Isumbisho Mwapu wa chuo cha ISP Bukavu na wenzake walichapisha mwaka 2006 hesabu ya kilichobaki, na jibu lao halimfurahishi mtu wa upande wowote. Daphnia yule hakurudi. Hasara ilikuwa ya kweli. Lakini vijidudu vidogo zaidi, kopepodi, viliendelea kuwepo na kumlisha sambaza. Upimaji kwa mwangwi wa sauti uliofanywa 2008 ulikuta uzito wa samaki ziwani, maelfu kadhaa ya tani, ukilingana na wa miaka ya 1980. Maporomoko hayakutokea. Naamini sababu ni ileile: mlaji mdogo huongezeka na kupungua haraka kufuatana na chakula, na anayekula watoto wake hujipunguza mwenyewe. Sisemi kwamba Wabelgiji walijua walichokuwa wakifanya. Walibahatisha, na bei ya bahati hiyo ililipwa na kiumbe asiyeonekana kwa urahisi.

Pingamizi la pili hutoka mezani: kwamba sambaza ni chakula cha dhiki, na kumfananisha na dim sum, kazi ya mikono iliyosomewa miaka, ni kumvisha kilemba cha ukoka. Nakubali sehemu ya mikono. Kukunja unga mwembamba ni ufundi, na sambaza huja amefungwa tayari na ngozi yake. Ila upande wa dhiki haukai sawa. Katika samaki mkubwa tunakula minofu na kuacha ghala: mifupa yenye kalisi, kichwa, macho na maini, ambamo samaki wadogo huweka sehemu kubwa ya madini na vitamini zao. Anayekula sambaza mzima anakula na ghala. Na kwa kuwa anauzwa kwa fungu, mwenye fedha kidogo hupata samaki kamili kwa kiasi cha mfuko wake. Hakuna anayeweza kununua robo ya tilapia kwa heshima. Katika mji ambao benki zake zilifungwa baada ya waasi wa M23 kuingia Februari 2025, chakula kinachogawanyika hivi ni cha maana zaidi ya ladha yake.

Lipo swali moja ambalo hoja yangu mwenyewe inalizaa. Kama udogo ni fadhila, kwa nini tusile na wadogo zaidi, wale wa urefu wa ukucha wanaokokotwa ukingoni kwa nyavu za macho madogo, hata vyandarua? Kwa sababu kuna mdogo aliyekomaa na kuna mtoto. Sambaza wa sentimita 8 ameshafikia umri wa kutaga. Yule wa ukucha ni mbegu, na ukingoni ndiko anakolelewa. Wavu wa taa, unaovua maji wazi, humkuta wa kwanza. Kokoro la ufukweni humkuta wa pili, na hicho ndicho chakula pekee cha ziwa hili ambacho ningekirudisha jikoni. Tofauti inaonekana hata kwenye mafuta: watoto hushikamana, huungua ncha na kubaki uchungu, huku wakubwa wakitengana mmoja mmoja.

Mbalamwezi ikikomaa, taa ya mvuvi haina nguvu tena. Ziwa zima limeangazwa, na kundi halina haja ya kukusanyika chini ya boti. Mavuno hupungua. Kwa hiyo sahani hii ina kalenda ambayo haijaandikwa ukutani, na katika siku hizo mteja wa nganda akiuliza sambaza huweza kuletewa ndizi peke yake, ndimu ikiwa imeshapasuliwa.