Asili ya Neno Pasipoti

Wasikilizaji wetu, kila siku watu wengi huvuka mpaka wa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, kwenda Nakonde katika nchi ya Zambia, na wengine huja huku. Msafiri afikapo mpakani huenda akaulizwa pasipoti. Neno hili twalitamka sote, lakini ni wachache waliojiuliza asili yake.

Kwanza tujihadhari na kosa moja. Kiswahili kina neno pasipo, maana yake "bila", na mwanafunzi aweza kudhani kuwa pasipoti yatokana nalo. Sivyo. Kufanana kwa sauti si udugu. Sisi tulilipata neno hili kwa Waingereza, nao walilipata kwa Wafaransa, wasemao passeport. Waitaliano pia waliwafuata Wafaransa, wakasema passaporto; na katika lugha yao sehemu za neno zaonekana wazi.

Passa maana yake ni "pita", na porto ni "bandari". Basi passaporto ni "pita-bandari", yaani ruhusa ya kupita bandarini. Tazameni lilivyoundwa: kitenzi kwanza, kisha jina. Ndivyo tuundavyo nasi: mpita-njia, kifungua-kinywa, kipaza-sauti. Tofauti ni kwamba sisi hutanguliza m- kwa mtu na ki- kwa kitu, bali Mtaliano hukiacha kitenzi kitupu. Hata mwavuli wa jua huuita parasole, yaani "kinga-jua".

Lakini Tunduma hakuna bahari wala merikebu. Je, bandari yaingiaje? Katika Kilatini, mama wa Kitaliano na Kifaransa, portus ni bandari na porta ni lango, na maneno hayo mawili ni ndugu. Bandari ni lango la nchi upande wa maji. Tunduma ni lango upande wa nchi kavu.

Zamani lango hili halikuwako. Mwaka 1890 Waingereza na Wadachi walipatana juu ya mpaka baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na Wanyamwanga wakajikuta pande zote mbili. Hata leo wako wanaovuka nchi kwenda kumjulia hali shangazi au kuzika ndugu. Basi mwenye kuionyesha hati hiyo, na mwenye kuikagua, yafaa wote wawili wakumbuke kwamba neno lenyewe huanza na "pita". Iliandikwa ili mtu apite.