Kuhamisha Mwaridi Mkongwe

Ukuta unajengwa, na mwaridi aliopanda bibi umesimama papo hapo unapopita msingi. Wengi huukata, wakiamini mti wa miaka ishirini hauhamishiki. Unahamishika. Mara nyingi huuawa na huruma ya mwenyewe, asiyetaka kuyagusa matawi yake.

Maji hunyonywa na vinyweleo vilivyo karibu na ncha za vijizizi vyembamba, na kwa mwaridi wa zamani ncha hizo nyingi ziko mbali na shina. Chimba kwa uangalifu utakavyo, sehemu kubwa itabaki ardhini. Majani nayo yanaendelea kupoteza maji vilevile. Ukiuacha na matawi yote utanyauka hata ukiumwagilia asubuhi na jioni: maji yapo, wa kuyavuta hayupo.

Kwa hiyo pogoa kwanza. Ondoa matawi makavu na yanayosuguana, bakiza matatu hadi matano yenye nguvu, uyafupishe hadi sentimita 30 au 40, kila mkato ukiwa juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Vitaonekana visiki tu, usiogope. Matawi mazuri uliyokata yagawe vipande vya unene wa penseli, uvichomeke kwenye kitalu chenye kivuli. Mkongwe ukifa, aina yake itabaki.

Ulaya wao husubiri majira ya baridi, mwaridi ulale bila majani. Limuru, Lushoto au Arusha haulali, kwa hiyo sisi tunatazama mawingu. Masika yanafaa penye udongo usiotuamisha maji, ila mimi napendelea kipupwe, Juni na Julai, jua likiwa pole, mradi umwagiliaji usikatike.

Shimo jipya liwe tayari kabla hujagusa mti: pana kuliko bonge la udongo litakalobebwa, kina kile kile. Usichague mahali palipoota mwaridi mwingine kwa miaka mingi, kwani mgeni hudumaa hapo.

Siku moja kabla, mwagilia mpaka chini. Zungusha mfereji sentimita 30 hadi 40 kutoka shinani kwa beleshi kali. Mzizi mnene ukate kwa msumeno, usiuvute. Pitisha gunia chini ya bonge, ulifunge, mbebe wawili. Mwenye nafasi akate nusu ya duara miezi miwili mapema, vijizizi vipya viote karibu na shina.

Kama mwaridi ulibebeshwa, fundo la kiungo likae juu kidogo ya udongo, na chipukizi lolote linalotoka chini yake ling'olewe, maana ni la mti uliobeba. Mbolea ya dukani isiingie shimoni. Huunguza vijizizi vichanga. Weka mboji, jaza maji udongo ujishindilie wenyewe, tandaza nyasi kavu zisiguse shina.

Vitumba vya kwanza vikate vyote, nguvu irudi mizizini. Tawi linalochelewa kuchipua likwangue kidogo kwa ukucha: chini ya gome pakiwa kijani, endelea kumwagilia.