Projektere ya sale yetu: tuangalie nini mbele ya kulipa?

Wandugu wachimbaji na mama zetu wa Manono, feza ya kotizasyo ni jasho ya wote. Sasa tunatafuta projektere ya sale: kwa mpira siku ya Mungu, na zaidi kwa mafundisho ya usalama. Mbele ya kulipa, tuangalie mambo ine.

Kwanza, mwangaza. Karto inaweza kuandikwa lumeni 9000, isitudanganye. Tuulize lumeni za ANSI, njo kipimo cha kweli. Mchana, sale ikiwa na madirisha, tusishuke chini ya 3000.

Pili, umbali. Kwa picha ya upana wa metre 3, projektere ya kawaida inakaa karibu metre 4 na nusu nyuma. Mtu akisimama, kivuli chake kinafunika goli. Ile ya umbali mfupi tunaifunga juu, metre 1 na nusu tu toka ukutani.

Tatu, umeme. Tangu sentrali ya Mpiana-Mwanga iharibiwe na vita, wengi tunategemea jua. Projektere ya wati 300 ikiwaka saa 4 inamaliza nusu ya batri ya volti 12, ampea-saa 200. Batri ya asidi, kupita nusu kila siku ni kuiua.

Ine, lampe. Ya kawaida inaisha kisha saa maelfu machache. Ya LED ao laser inaweza kufika 20000. Na vumbi yetu hii, filtre isafishwe kila juma.

Fakture isomwe mbele ya wote. Mchimbaji asipoona picha muzuri, hatajua namna udongo unavyopasuka mbele ya kuanguka.