Baridi ya mlimani huanzia kwenye fulana iliyolowa

Mtu anayeondoka Likoni alfajiri ya mwezi wa Julai hutokwa na jasho kabla hajafika kwenye feri. Ni vigumu kumwambia mtu huyo kwamba kesho yake mchana anaweza kuwa hatarini kwa sababu ya baridi, hapa hapa Pwani. Lakini ndivyo ilivyo kwa wale wanaokwenda kutembea katika milima ya Taita.

Safari yenyewe ni rahisi. Kikundi cha marafiki wa Likoni, Kisauni au Changamwe hupanda gari moshi Miritini hadi Voi, kisha matatu hupitia Mwatate na kukwea hadi Wundanyi. Kilele kirefu zaidi huko ni Vuria, chenye mita 2,208. Hakuna theluji, na watu huishi na kulima juu milimani. Labda ndiyo sababu mgeni kutoka bondeni hudharau.

Hebu tufanye hesabu. Joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Likoni ikiwa na nyuzi 27, kileleni Vuria patakuwa na nyuzi 14 hivi, na usiku chini ya hapo. Juu ya hayo kuna upepo wa kusi, ambao wavuvi wetu wanaujua vyema. Upepo huo hutoka baharini umebeba unyevu mwingi. Ukigonga milima hulazimika kupanda, hupoa, na ule unyevu hugeuka ukungu na manyunyu. Asubuhi unaweza kuona mbuga ya Tsavo yote chini yako, na saa saba mchana usimwone mwenzako aliye hatua chache mbele.

Mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri ukiwa na joto la nyuzi 37 hivi. Joto hilo likishuka chini ya nyuzi 35, madaktari huiita hali hiyo haipothemia, yaani mwili kupoa kupita kiasi. Wengi hudhani lazima pawe na barafu. Sivyo. Maji hunyonya joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa kavu, na upepo huliondoa lile linalobaki. Kijana aliyevaa fulana ya pamba na suruali ya jinzi hulowa mara mbili: kwanza kwa jasho wakati wa kupanda, halafu kwa manyunyu. Akifika juu na kuketi kupiga picha, mwili ulioacha kufanya kazi hautengenezi tena joto la kutosha, na zile nguo zinaendelea kumpoza.

Dalili ya kwanza ni kutetemeka. Hapo bado si vibaya, kwani kutetemeka ni njia ya mwili kujitengenezea joto. Baadaye mtu huanza kujikwaa, vidole hukataa kufunga kamba za viatu, na yule aliyekuwa mcheshi wa kikundi hunyamaza au hunung'unika maneno yasiyoeleweka. Akiulizwa husema yu mzima. Hatari kubwa ni pale anapoacha kutetemeka ilhali hajapata joto. Wenzake hufurahi wakidhani amepata nafuu, kumbe mwili umeishiwa na nguvu za kujitetea. Wengine waliofikia hapo huhisi joto na hata kuvua nguo.

Sisi watu wa Pwani tuna kosa letu. Tukimwona mtu anatetemeka tunasema ni malaria, tunampa dawa na kumwambia alale. Njia rahisi ya kutofautisha ni kumpapasa tumbo chini ya nguo. Mwenye homa tumbo lake huwa la moto, na aliyepoa huwa la baridi. (Kipimajoto cha kawaida cha nyumbani huenda kisisaidie, kwa kuwa vingi havisomi joto la chini sana.) Na akianza kupayuka, wapo watakaosema amepandwa na majini. Dhana hiyo ni ya zamani. Mwaka 1848 mmishenari Johannes Rebmann alitoka Rabai, akapita Taita hadi Uchagani. Alisimuliwa habari za mlima wenye majini wanaoua watu, na alipouona weupe wa Kilimanjaro alielewa kwamba muuaji alikuwa baridi.

Ufanye nini basi?

Msitishe safari na mtafute mahali pasipo upepo: nyuma ya jiwe, msituni, au nyumba ya mwenyeji, ambaye hatawafukuza. Mvueni nguo zilizolowa na mumvishe kavu, kichwa pia. Mwekeni juu ya kitu kikavu, kwa kuwa ardhi hunyonya joto sana, na mtu mmoja au wawili wajifunike pamoja naye. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza vizuri, apewe chai yenye sukari nyingi, tende au mahamri. Msimsugue mikono na miguu, wala msimsogeze karibu sana na moto. Pombe ni sumu hapa: huifanya ngozi ihisi joto huku ikilitoa lile la ndani. Akiwa amelegea au hana fahamu, asipewe chochote mdomoni. Abebwe taratibu akiwa amelala, apelekwe hospitali ya Wesu karibu na Wundanyi, au ile ya Moi mjini Voi.

Miraa na muguka nayo yana sehemu yake. Huua njaa, na mtu asiyekula hana kuni za kuwasha mwili wake.

Maandalizi si ya gharama. Sweta ya sufu, ambayo huendelea kutia joto hata ikiwa na unyevu, hupatikana kwenye mitumba ya Kongowea. Ongeza fulana ya kubadilisha ndani ya mfuko wa nailoni, kofia, koti la mvua na tochi. Vaeni koti kabla ya kulowa, si baada. Anayetembea polepole zaidi ndiye awekwe mbele, na asiachwe nyuma peke yake hata kwa dakika kumi.

Wenye selimundu, ugonjwa ambao si haba kwetu Pwani, wazungumze na daktari wao kabla ya kwenda, kwa sababu baridi na upungufu wa maji mwilini huweza kuamsha maumivu makali. Wenye pumu wabebe dawa yao ya kuvuta mfukoni, si katika mzigo ulioachwa kwenye gari. Wazee na watoto hupoa haraka kuliko wengine.

Wanaofikiria kwenda Mlima Kenya baada ya Vuria wakumbuke kwamba kilele cha Lenana, mita 4,985, kina hatari nyingine juu ya baridi. Kuanzia mita 2,500 hivi hewa nyepesi huweza kuleta kichwa kuuma na kichefuchefu, na anayetoka usawa wa bahari akipanda kwa pupa huweza kujaa maji mapafuni. Akikosa pumzi hata akiwa ameketi, ashushwe mara hiyo, iwe ni usiku au mchana.