Kindle imevunjika, pesa ni kidogo: ununue ipi?

Kindle yangu imepasuka kioo ndani ya matatu, baina ya Embu na Meru ninakofundisha, na mfuko wa mwalimu mwaujua. Wenzangu wanasema ninunue tableti. Siitaki. Tableti huomba chaji kila siku na juani haisomeki; Kindle hukaa wiki kadhaa, nasi huku stima hupotea tukiwa katikati ya sura.

Basi natafuta iliyotumika. Ile ya kawaida ya 2022 yatosha: nafasi GB 16, herufi zimekoza kuliko za ile ya 2019, na huchajiwa kwa waya wa USB-C, ule ule wa simu nyingi za sasa. Vitabu vya EPUB utavituma kwa anwani ya barua pepe ya Kindle yako. Amazon wavikubali tangu 2022. Kobo huvifungua moja kwa moja, ila madukani huku sijaiona.

Kabla ya kutoa pesa, muuzaji aiwashe na aondoe akaunti yake mbele yako. Akisema ataiondoa kesho, mrudishie. Huenda ni ya wizi, na iliyoripotiwa kuibwa Amazon hawaisajili kwa jina lako. Kisha fungua ukurasa mweupe uutazame vizuri: ukiona mstari usiofutika, kioo kimeumia, hata akupunguzie bei vipi.